Bomba Namba Saba na Mama Mkwe Wangu

Juzi mlipokuja kunitembelea, nyinyi vijana wa chuo, na kuniuliza mtu anajuaje kama gesi iliyofungiwa chini ya ardhi imetulia au inatoroka, niliwajibu vibaya. Mlikuwa mmeketi wima, daftari magotini, kama watu waliokuja kuposa, nami nikapata kiburi nikaanza kuwatajia majina ya mitambo. Mlipoondoka, mke wangu Kamene akaniambia, "Umewaeleza kila kitu isipokuwa kazi yenyewe." Basi nimekaa hapa nje, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi, niwaandikie kazi yenyewe.

Mimi ni mtu wa Mitaboni, lakini karibu miaka yangu yote ya kazi niliimalizia katika bonde moja upande wa Kinanie, mahali tunapopaita Kwa Nthenge. Chini ya bonde lile kulikuwa na gesi. Si ile ya kupikia. Ni kaboni dioksidi, ile mnayoitoa mkipumua na ile inayofanya soda itoe mapovu. Kampuni ya kwanza ilichimba visima, ikaitoa, ikawauzia watengenezaji wa soda na watu wa mitungi ya kuzima moto. Mimi niliingia nikiwa kijana wa kusoma geji. Miaka ikapita, nguvu ya gesi ikashuka, mwishowe kisima kikawa kinatoa pumzi ya mgonjwa. Kampuni ikafunga lango, nami nikarudi nyumbani kupanda maharagwe.

Halafu wakaja watu wengine, wataalamu. Wakasema tumbo la ardhi pale sasa liko wazi, na kule Athi River matanuri ya saruji yanamwaga gesi hiyo hiyo hewani bila kupumzika. Wangeikamata kwenye tanuri, wailete kwa malori, wairudishe chini kwenye mwamba ikae huko. Walihitaji mtu anayelijua bonde, nikaitwa. Nilipomweleza mama yangu hiyo kazi mpya, aliuliza, "Kwa hivyo mlikosea kuitoa?" Nilimwambia mambo ni magumu kuliko hivyo. Akasema anaona, na akaenda kukamua ng'ombe.

Kurudisha gesi chini si kazi ngumu sana. Pampu inafanya. Kazi ni kujua kama imekaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa yangu: kutembea bonde zima na vipimo, na kuwa mtu wa kwanza kujua.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kioko, enzi zile za kutoa. Hakuwa na cheti hata kimoja. Kifaa chake kilikuwa koroboi, taa ya kopo yenye utambi, aliyoifunga kwa kamba. Kabla mtu hajashuka kwenye shimo lolote, koroboi ilitangulia. Ikizimika, hakuna kushuka.

"Hii gesi ni nzito kuliko hewa," alikuwa akituambia. "Inatambaa chini na inalala penye shimo. Wewe umesimama, unajiona uko salama, na viatu vyako tayari viko ndani yake."

Kwa hivyo hadi leo nikimwona kijana ametundika kipimo kifuani kama kalamu, namwambia akishushe mpaka kwenye mshipi. Na ukiangusha kitu shimoni, kiache. Kalamu ni kitu cha dukani. Gesi hii haina rangi wala harufu, na anayeinama kuokota kalamu anaweza asiinuke.

Kampuni ile ya kutoa gesi ilipoleta vipimo vya kwanza vya betri, nilipewa mimi kwa sababu niliweza kusoma Kiingereza cha kwenye sanduku. Nikaanza kuzunguka. Kila nilipochomeka ncha ardhini na kuinama kusoma namba, namba zilipanda. Kwa wiki mbili niliandika kwamba bonde zima linavuja. Meneja akaacha kula chakula cha mchana. Asubuhi moja Mzee Kioko akanifuata, akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akanitazama nikiinama juu ya kipimo huku nikihema kwa sababu ya mlima niliotoka kuupanda.

"Mutua," akasema, "hebu zuia pumzi."

Nikazuia. Namba zikashuka.

"Sasa pumua."

Zikapanda. Akaondoka. Kwenye mkutano wa wafanyakazi, meneja alipouliza kama tumegundua uvujaji unatoka wapi, Mzee Kioko akajibu, "Unatoka kwa Mutua." Mwaka mzima niliitwa Uvujaji. Kuna watu hapa Machakos ambao mpaka sasa hawajui jina langu lingine.

Tangu siku hiyo nilijifunza kusimama upande ambao upepo unaelekea, niachie pumzi yangu iende zake. Nilijifunza pia kwamba udongo wenyewe unapumua. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, ardhi inatoa gesi nyingi kiasi cha kukutisha, na hakuna kilichovuja. Mizizi inapumua, mchwa wanapumua, zizi la ng'ombe ndilo usiseme. Hawa wataalamu wa pili walinifurahisha kwa jambo hilo. Kabla hawajarudisha gesi yoyote chini, walipima bonde mwaka mzima, masika na kiangazi, wajue likiwa halina neno linaonekanaje. Walizika hata vinasa mtetemeko. Kila Jumapili asubuhi vilinasa tetemeko dogo lenye mdundo mzuri sana, na mkutano mrefu ulifanyika kulijadili, mpaka nikawaambia kwamba ile ni kwaya ya vijana, wana wimbo wa kurukaruka.

Kabla ya pampu kuwashwa, chifu aliita baraza. Mtaalamu mkuu, mama mmoja wa kutoka ng'ambo, mpole, alisimama akaeleza mradi kwa Kiingereza, nami nikawa mkalimani wa Kikamba. Alieleza pampu, akaeleza mwamba, akaeleza mabomba ya kupimia ambayo tungeyaweka bomani kwa watu. Alizungumza kwa muda mrefu. Harufu ya mahindi ya muthokoi na nyama ya mbuzi ilikuwa imefika kwenye hema, nami sikuwa nimetia kitu tumboni tangu alfajiri. Nikatafsiri haraka haraka. Watu wakapiga makofi, tukaenda kula. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Mabomba yenyewe ni ya plastiki, meupe, yanatoka ardhini mpaka kimo cha goti. Mdomoni kuna kofia yenye matundu, na ndani kuna kipimo kinachotuma namba ofisini kila baada ya dakika chache. Kwenye ramani, bomba namba saba liliangukia bomani kwa Syombua, mama mkwe wangu.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana wengine wenu mmekulia Syokimau na haya mnayasikia tu. Kwetu Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni, heshima ya kuoneana haya. Hamketi pamoja, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani kama aliyeona sungura. Siku hizi watu wamelegeza, nimewaona wakikumbatiana kwenye harusi mchana kweupe. Mama mkwe wangu hakulegeza. Katika ndoa yangu yote sehemu yake niliyoifahamu zaidi ilikuwa mgongo. Kwa hivyo ombi la kuweka bomba lilipelekwa na Kamene, na jibu likaletwa na Kamene: aliweke karibu na ua wa mkonge, asikanyage kunde.

Nikaliweka. Sikukanyaga kunde. Malori yakaanza kuja kupitia Kyumbi, pampu ikawashwa, na kwa miezi mingi hakukuwa na la kusimulia. Katika kazi hii, siku ambayo huna la kusimulia ndiyo siku njema.

Mkubwa wangu wakati huo alikuwa Injinia Mwikali, binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Mimi nilimwita Injinia, yeye aliniita Mzee, na tulielewana vizuri kwa sababu kila mmoja alidhani anamlea mwenzake. Asubuhi moja akaniita kwenye kompyuta.

"Mzee, angalia namba saba."

Kulikuwa na mstari umenyooka vizuri, kisha ghafla nundu kama ya fahali, kisha mstari tena.

"Hii ni ya jana," akasema. "Hii ya juzi. Hii ya siku iliyotangulia. Inaendelea hivyo tangu wiki iliyopita."

"Kipimo kibovu."

Tukabadilisha kipimo. Kesho yake nundu ikarudi. Tukabadilisha betri, tukabadilisha waya, tukabadilisha kofia yenye matundu. Nundu. Injinia akaacha kuchana nywele.

Alikuwa na sheria zake. Bomba likionyesha uvujaji usioelezeka, inampasa kusimamisha malori na kumwandikia chifu ili maboma ya karibu yahamishwe. Barua alikuwa ameshaiandika, niliiona mezani, imekosa tarehe na sahihi tu. Boma la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Syombua. Kumng'oa mwanamke yule kwenye nyumba aliyofikia akiwa bibi harusi, na kumng'oa kwa kosa la bomba lililowekwa na mkwe wake, hilo sikuweza kulifikiria nikiwa nimeketi. Nilisimama.

"Injinia, nitolee rekodi zote za namba saba, tangu nundu ya kwanza."

Tukazitandaza mezani. Nundu ilianza kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikaisha kabla ya saa moja. Haikuchelewa hata siku moja. Lakini kulikuwa na siku moja ambayo haikuwepo kabisa. Nikahesabu kwa vidole kuhakikisha.

"Hakuna ya Jumapili," nikasema.

Injinia akainama kuangalia. "Labda ni bahati tu."

"Gesi iliyo ndani ya mwamba haijui Jumapili. Na hii nundu naijua, niliwahi kuitengeneza mimi mwenyewe kwa wiki mbili. Hii ni pumzi."

"Pumzi ya nani? Labda kuna mbuzi analala pale."

"Mbuzi wa kwenda misa?"

Akanitazama, akaiweka ile barua kwenye droo. "Nakupa mpaka kesho asubuhi, Mzee. Na mimi nakuja."

Kesho yake kabla ya saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumelala kifudifudi nyuma ya ua wa mkonge, Injinia akiwa na ovaroli mpya na simu ya kurekodi, mimi nikiwa nimevua kofia kwa heshima ingawa hakuna aliyeniona. Mlango wa nyumba ukalia. Injinia akaninong'oneza, "Ni shosho mmoja. Ana kigoda na kikombe."

Nilijua ni shosho yupi. Nikageuza uso nikatazama nyasi, maana nthoni haiishi kwa sababu uko kazini. Yaliyofuata niliyasikia tu. Kigoda kikawekwa chini. Mtu akaketi, akakohoa kidogo. Kisha sauti ikaja kwa Kikamba, polepole, sauti ya mtu anayezungumza na ofisi:

"Habari ya asubuhi. Ni mimi tena, Syombua, nyumba ya mabati mekundu."

Injinia akanishika mkono. "Anaongea na bomba," akanong'ona. "Ameliwekea mdomo kabisa."

"Jambo la kwanza ni lori," mama mkwe akaendelea. "Yule dereva wa kofia nyekundu anapita kama anayefukuzwa, na vumbi lote linaishia kwenye shuka zangu. Jambo la pili ni mkwe wangu. Ni mtu wenu, kwa hivyo nawaambia nyinyi. Amekonda. Suruali inamshuka. Sijui kama ni kazi yenu au ni mapishi ya mtoto wangu, lakini mtu aangalie."

Nilivuta suruali hapo hapo nilipolala. Injinia, ambaye Kikamba chake ni cha likizo ya Disemba, alikuwa amekielewa vya kutosha. Alikuwa ameuma mkono wa ovaroli yake na mabega yanamtetemeka.

"Jambo la tatu ni lile ninalolisema kila siku na hamnijibu. Kule mteremkoni, penye jiwe bapa. Kuku wangu watatu walilala pale na hawakuamka. Hawakuwa wagonjwa, hawakung'atwa na kitu. Na mimi nikiketi pale kupukuchua kunde, kichwa kinagonga na miguu inakuwa ya mtu mwingine. Juzi nilianguka. Nilitoka pale nikitambaa. Sijamwambia Kamene, atasema ni uzee na atanihamisha. Nawaambia nyinyi."

Kicheko kilichokuwa kimenibana kikaisha chote. Nilisahau nthoni, nikasahau kwamba nimejificha.

"Mwaitu," nikasema. Ndivyo tunavyomwita mama. "Ni jiwe lipi?"

Injinia akafumba macho. Lakini mama mkwe hakupiga kelele wala hakuinuka. Injinia aliniambia baadaye kwamba hakugeuza hata kichwa, alibaki ameinamia bomba.

"Hatimaye," akasema.

Sikujua la kufanya isipokuwa kuendelea kuwa bomba.

"Ni lile jiwe la chini ya kibanda cha zamani cha mbuzi," akaniambia. "Nyasi zake zimekuwa njano."

"Usiende tena pale, Mwaitu. Funga kuku. Watu wanakuja leo."

"Leo hii, au leo ya ofisi?"

"Leo hii. Lakini nani alikuambia uzungumze na bomba?"

"Ni nyinyi. Mkwe wangu alisimama kwenye baraza, kando ya chifu, akasema kwa kinywa chake: kukiwa na shida, liambieni bomba. Wengine walicheka. Mimi nikasema, mtoto wa watu hawezi kudanganya mbele ya chifu."

Nikaona tena lile hema, nikasikia harufu ya muthokoi. Mtaalamu alikuwa amesema kwamba kukiwa na shida, bomba litatuambia. Hiyo ndiyo sentensi niliyoipindua kwa njaa.

"Na Jumapili huji?" nikauliza, maana kazi ni kazi.

"Jumapili namwambia Mungu. Sitaki kuchanganya ofisi." Nikasikia akinywa chai. "Tena sauti yako inafanana sana na ya mkwe wangu."

Bomba lingejibu nini?

"Mwambie ale," akasema, akachukua kigoda chake akaingia ndani.

Tulishuka mteremkoni saa hiyo hiyo. Zingatieni tulivyoshuka, maana hapa ndipo watu hufa. Tulienda upepo ukiwa mgongoni mwetu, Injinia akiwa nyuma hatua kadhaa na kamba iliyofungwa kiunoni mwangu, kipimo nimekining'iniza chini ya goti. Kabla hatujafika kwenye jiwe niliona dalili ambazo Mzee Kioko alinifundisha kutazama kabla ya kuamini namba: nyasi za njano zimekaa mviringo kama sinia, na katikati mbawakawa wamelala chali, miguu juu. Kipimo kikaanza kulia. Nilikuwa nimeomba koroboi nyumbani kwa Syombua kupitia kwa jirani, nikaiteremsha kwa fimbo ndefu mpaka karibu na jiwe. Ikazimika kimya, kama iliyopulizwa na mtu.

"Nimeona," Injinia akasema. "Rudi, Mzee." Akaanza kuvuta kamba kabla sijageuka.

Siku hiyo alisimamisha malori, na maboma mawili yaliyo karibu na mteremko yakahamishwa mpaka kazi iishe. Watu wenye vifaa vya kupumulia walipoinua jiwe, walikuta chini yake mdomo wa kisima cha kale, kifuniko cha chuma kimeoza. Hakikuwa kwenye ramani yoyote. Gesi tuliyokuwa tukiirudisha ilikuwa imepata mlango ambao hakuna aliyetuambia upo.

Nilimfuata Mzee Kioko nyumbani kwake Mitaboni. Alikuwa amezeeka sana, ameketi juani na blanketi magotini. Nikamweleza mahali lilipo lile jiwe.

"Tulikichimba mwanzo kabisa," akasema. "Hakikutoa kitu. Tukamwaga ndoo mbili za simiti, tukaweka jiwe. Mimi ndiye niliyeliviringisha."

"Mbona hamkukiandika?"

"Tungeandika nini? Hakikutoa kitu." Akatazama mikono yake. "Kuna mtu ameumia?"

"Kuku watatu. Na mama mkwe wangu alianguka, lakini alitoka."

"Mwambie pole yangu. Hapana, wewe huwezi kumwambia. Mwambie Kamene amwambie." Halafu akasema, "Nilikucheka sana kwa ile pumzi, Mutua. Hii yangu ni kubwa kuliko ile."

Nikamrekebishia blanketi. Vijana, ukichimba shimo na likakosa kitu, liandike. Andika liko wapi, lina kina gani, limezibwa kwa kitu gani na nani. Mashimo yaliyotoa gesi yanakumbukwa na kila mtu.

Sasa kuhusu kule kuhamishwa. Kamene alimleta mama yake nyumbani kwetu pale Kwa Nthenge, na mama mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe wake. Yeye alikuwa mgeni, kwa hivyo nikatoka mimi. Nilibeba godoro nikaenda kulala kwa Mzee Kioko mpaka kisima kile kilipochimbuliwa upya na kujazwa saruji kwa pampu, kutoka chini mpaka juu. Katika watu wote wa Kwa Nthenge, aliyehamishwa mbali zaidi na uvujaji ule alikuwa yule aliyeajiriwa kuuzuia. Kila jioni Kamene alinipigia simu kuniambia mama ameuliza kama nimekula.

Tulipima mteremko ule masika yote na kiangazi chote kilichofuata. Nyasi zikarudi kijani kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Injinia akaichana ile barua ya droo, akaandika utaratibu mwingine: kila wiki mtu apite kila boma, aketi, anywe anachopewa, aulize wameona nini. Dereva wa kofia nyekundu akaagizwa kupita polepole, na barabara ikamwagiwa maji. Kuhusu kukonda kwangu, Injinia alinitazama, akasema hilo haliko chini ya idara yake.

Kwa pumzi ile, bomba namba saba halikufaa tena kupimia, lakini tuliliacha. Tulilitoa kipimo tu. Mara moja moja, asubuhi, nilikuwa nikipita bomani, naketi upande wangu wa mkonge nikiwa nimempa mgongo, naye anaketi kwenye kigoda upande wake, tunazungumza na bomba. Ndivyo nilivyokuja kujua kwamba anapenda mpira wa redio, na kwamba siku ya harusi yangu alidhani mimi ndiye dereva.

Baada ya tukio kama lile, ripoti lazima iende makao makuu. Fomu ilikuwa na kisanduku kinachotaka jina la chombo kilichogundua uvujaji. Injinia aliishikilia kalamu juu yake kwa muda, kisha akanisukumia mimi. Nikaandika: Syombua.

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, la adabu sana. Waliuliza chombo hicho kimetengenezwa na nani, kama kinastahimili mvua, na mara ya mwisho kilikaguliwa lini kuhakikisha kinaona sawasawa.

Nikaichukua ile karatasi mpaka bomani, nikaketi upande wangu, nikalisomea bomba maswali yote matatu kwa Kikamba, polepole, safari hii bila njaa. Mama mkwe akafikiri.

"Andika nimetengenezwa Kathiani," akasema. "Mvua nastahimili. Na hilo la kukaguliwa, waambie ni Pasaka. Ndipo nilipobadilisha miwani."

Nikaandika hivyo hivyo, na fomu ikapita.